Mvinyo na kokteli mezani: Mwongozo kwa mlaji wa Kapsoya

ELDORET ilipotawazwa kuwa jiji la tano la Kenya mnamo Agosti 15, 2024, wakazi wa mitaa kama Kapsoya walikuwa tayari wamezoea desturi mpya ya kula nje. Mtaa huo wa makazi ulio mashariki mwa jiji, katika eneobunge la Ainabkoi, una familia nyingi ambazo hutoka jioni za wikendi kwenda kula nyama choma karibu na nyumbani, au huteremka katikati ya jiji kwenye hoteli kubwa zaidi wanapokuwa na wageni.

Pamoja na desturi hiyo imekuja menyu ya vinywaji, ambayo aghalabu huwa ndefu kuliko ya chakula na imejaa majina ya Kifaransa, Kihispania na Kiingereza. Mwenyeji aliyewaalika wakwe zake au mgeni wa kazini hukabidhiwa menyu hiyo huku mhudumu akisubiri kando. Asiyeifahamu hutaja jina alilolisikia katika tangazo, au huagiza chupa ya bei ghali ambayo hakuna mtu mezani anayeifurahia. Wapo pia walioagiza kinywaji wakidhani hakina kileo, wakagundua ukweli walipokwisha kukimaliza.

Makala haya yanaeleza mvinyo ni nini, kokteli hutengenezwaje, namna ya kuviagiza na kuvilinganisha na vyakula vinavyopatikana Eldoret, na tahadhari ambazo mlaji hana budi kuzizingatia.

Asili ya jina na kinywaji chenyewe

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji hiki. Neno "mvinyo" lilitokana na Kireno, lugha ya mabaharia waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 15. Neno "divai", ambalo wengi wamelisoma katika Biblia, lilitoka katika Kifaransa. Katika matumizi ya zamani, mvinyo uliweza kumaanisha kileo chochote kikali. Siku hizi maneno yote mawili hutumika kwa kinywaji kinachotokana na zabibu.

Uasin Gishu ilikuwa na vileo vyake kabla ya zabibu kusikika. Jamii za Wakalenjin zilitengeneza pombe ya nafaka na ile ya asali, na zilinywewa kwa utaratibu maalumu: wazee walikaa pamoja, na vijana hawakuruhusiwa kujimiminia walivyotaka. Kwa hiyo wazo kwamba kinywaji kina wakati wake, mahali pake na adabu yake si geni katika eneo hili.

Makaburu waliohamia uwanda huo kutoka Afrika Kusini mwaka 1908, wakiongozwa na Van Rensburg, walitoka katika nchi iliyokuwa imetengeneza mvinyo tangu 1659. Mji ulioanza kwa ofisi ya posta mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64 ulipewa jina Eldoret mwaka 1912, lakini wazee wengine waliendelea kuuita Sisibo, kutokana na nambari hiyo ya shamba.

Baada ya Uhuru, biashara ya mvinyo nchini iliendeshwa kwa kiasi kikubwa na Kenya Wine Agencies Limited, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969, hadi soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Tangu wakati huo, rafu za maduka na menyu za mikahawa zimejaa chupa za Afrika Kusini, zikifuatiwa na za Chile, Italia, Ufaransa na Uhispania.

Kanda hii pia ina zabibu zake. Naivasha imewahi kutoa mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kichaka kinachomea kwa wingi katika Bonde la Ufa. Nchini Tanzania, mkoa wa Dodoma umelima zabibu za mvinyo tangu wamisionari wa Kikatoliki walipozipanda katika miaka ya 1950. Kwa sababu ya tabianchi yake, wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, ilhali wenzao wa Ulaya huvuna mara moja tu.

Aina za mvinyo

Mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira hula sukari iliyomo katika tunda na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya kaboni. Mvinyo mwingi wa mezani huwa na kileo cha asilimia 11 hadi 15, kiwango ambacho ni takriban mara tatu ya kile cha bia ya kawaida.

Rangi hutokana na maganda. Karibu zabibu zote, ziwe nyeusi au za kijani, zina maji yasiyo na rangi. Maganda ya zabibu nyeusi yakiachwa ndani wakati wa kuchachuka, mvinyo huwa mwekundu. Yakiachwa kwa saa chache tu, hutoka mvinyo wa waridi. Maganda yakiondolewa mapema, mvinyo huwa mweupe. Mvinyo wenye povu huhifadhi ile hewa ya kaboni ndani ya chupa. Na ni ule tu unaotoka jimbo la Champagne nchini Ufaransa unaostahili kuitwa shampeni.

Mlaji akifahamu mambo manne, ataweza kuueleza mvinyo wowote kwa mhudumu bila kutaja jina hata moja la kigeni.

La kwanza ni utamu. Sukari yote ikigeuka kileo, mvinyo huitwa mkavu. Ikibaki, huwa mtamu. Katika kanuni za Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida huwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na mtamu huanzia gramu 45. Watu wengi wanaojaribu mvinyo mwekundu mkavu kwa mara ya kwanza hukunja uso, kwa sababu walitarajia ladha ya sharubati. Hilo si kosa la mvinyo wala la mnywaji. Ni suala la kuagiza aina isiyomfaa.

La pili ni uchachu, ile hali ya kuchangamsha mate mdomoni kama ndimu. Mvinyo mweupe huwa nao zaidi.

La tatu ni ukakasi. Anayekula ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi anaufahamu: ulimi na ufizi hukauka na kukaza. Katika mvinyo mwekundu, ukakasi hutoka katika maganda na mbegu.

La nne ni uzito. Kama maziwa ya maji yanavyotofautiana na maziwa ya mtindi, ndivyo mvinyo mwepesi unavyotofautiana na mzito mdomoni. Kwa kawaida, kileo kikizidi, uzito nao huongezeka.

Kwa hiyo mteja anayesema, "Naomba mweupe, mkavu, mwepesi na wenye uchachu," ameagiza kwa ufasaha kuliko yule anayetamka jina la Kifaransa asilolielewa.

Majina yanayokutwa mara nyingi

Majina mengi kwenye menyu ni ya aina za zabibu. Miongoni mwa mivinyo myeupe, Sauvignon Blanc huwa mkavu, wenye uchachu na harufu ya majani mabichi au matunda kama pasheni. Chenin Blanc, zabibu iliyopandwa kuliko nyingine zote nchini Afrika Kusini, huwa laini zaidi na hupatikana ukiwa mkavu au wenye utamu kidogo. Chardonnay ni mzito zaidi, hasa ukikaa katika mapipa ya mti wa mwaloni.

Miongoni mwa myekundu, Merlot ni laini na humfaa anayeanza. Cabernet Sauvignon una ukakasi mwingi. Shiraz, ambao pia huitwa Syrah, una harufu inayokumbusha pilipili manga. Pinotage ni wa Afrika Kusini hasa: zabibu yake ilipatikana mwaka 1925 pale Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsault.

Lebo nyingine hazitaji zabibu bali mahali. Rioja ni jimbo la Uhispania, Bordeaux ni la Ufaransa na Chianti ni la Italia. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni mwaka wa mavuno, si tarehe ya kuharibika. Hata hivyo, dhana kwamba kila mvinyo huboreka kwa kuzeeka haina msingi. Mivinyo mingi ya bei ya kawaida imetengenezwa ili inywewe ndani ya miaka michache, na chupa ya mweupe iliyokaa juu ya kabati la baa kwa miaka mingi, ikipigwa na jua, haifai kitu.

Chupa inapoletwa mezani

Utaratibu wa kufungua chupa huwatia hofu wengi, ilhali kila hatua ina sababu nyepesi.

Mhudumu huanza kwa kumwonyesha lebo aliyeagiza. Anayeonyeshwa hana haja ya kutoa hotuba. Anapaswa kuhakikisha kwamba jina, mwaka na aina ya zabibu ni vile alivyoagiza, na kwamba kifuniko hakijafunguliwa. Bei ya chupa mbili zinazofanana majina inaweza kutofautiana sana, na wakati wa kugundua hilo ni kabla ya kizibuo kuingia kwenye kizibo.

Kisha mhudumu humimina kiasi kidogo. Lengo la kuonja si kuamua iwapo mvinyo unapendeza, bali kuthibitisha kwamba haujaharibika. Kizibo kibovu huuachia mvinyo harufu ya ukungu, kama boksi la karatasi lililolowa. Mvinyo uliopata hewa nyingi hunuka kama siki. Mteja akiona kasoro hizo ana haki ya kuirudisha chupa, na mkahawa unaojiheshimu huibadilisha. Lakini kuirudisha kwa sababu tu mtu hakuipenda ladha si haki, mradi aliletewa alichoagiza.

Bilauri ya mvinyo hushikwa kwenye shina lake ili joto la kiganja lisiupashe moto mvinyo. Hujazwa hadi theluthi moja hivi, kwa kuwa nafasi inayobaki ni ya harufu, na sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita ladha huja kupitia pua.

Kuhusu joto, mvinyo wenye povu hufaa ukiwa baridi sana, nyuzijoto 6 hadi 8. Mweupe hufaa kati ya 7 na 12, na mwekundu kati ya 14 na 18. Hapa mlaji wa Eldoret ana bahati. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba", lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, si cha Mombasa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na jioni zake za baridi huliweka joto la ndani karibu na kipimo hicho bila msaada wa jokofu. Mvinyo mwekundu ulioletwa ukiwa umetoka kwenye friji, hali inayotokea mara kwa mara, uachwe mezani kwa robo saa au zaidi kabla ya kunywewa.

Mvinyo na vyakula vya Eldoret

Vitabu vingi vya mvinyo vimeandikwa kwa ajili ya jibini na mwanakondoo wa Ulaya. Hata hivyo, kanuni zake zinaweza kutumika kwa chakula chochote, kwa kuwa msingi ni mmoja: chakula na kinywaji visizidiane nguvu.

Nyama choma ya mbuzi au ng'ombe ina mafuta, chumvi na ladha ya moshi. Protini na mafuta hupunguza ukakasi, kwa hiyo mvinyo mwekundu ambao ungekuwa mkali ukinywewa peke yake hulainika ukifuatana na mbavu za mbuzi. Shiraz na Pinotage hufaa sana hapa. Kachumbari inayoandamana na nyama hiyo ina ndimu na nyanya, na uchachu wake huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umepooza. Mwenye kupenda kachumbari nyingi afikirie mweupe wenye uchachu hata kama sahani yake ni ya nyama.

Kuku wa kienyeji wa mchuzi huenda vyema na Chenin Blanc au Merlot. Samaki wa kukaanga kutoka Ziwa Victoria hupatana na Sauvignon Blanc, kwa sababu mvinyo huo hufanya kazi ileile ya kipande cha ndimu kando ya sahani. Ukakasi wa mvinyo mwekundu mzito, kinyume chake, huweza kuacha ladha ya chuma ukikutana na samaki.

Pilau, biriani na vyakula vya Kihindi vyenye pilipili vinahitaji tahadhari. Kileo huongeza mwako wa pilipili, na ukakasi huuzidisha. Mvinyo mweupe wenye utamu kidogo na kileo cha chini hutuliza ulimi. Managu na mboga nyingine chungu za kienyeji hazipatani na ukakasi mwingi, kwani uchungu huongezewa uchungu. Kwa kitindamlo, kanuni ni kwamba mvinyo uwe mtamu kuliko keki. La sivyo utaonekana mchachu.

Mursik ni jambo jingine. Maziwa hayo yaliyogandishwa kwenye kibuyu na kutiwa masizi ya mti yana uchachu na ladha yake kamili, na hayahitaji mwenzi. Anayeyapendelea pamoja na ugali wake hajakosea adabu yoyote ya meza.

Kokteli na misingi yake

Kokteli ni mchanganyiko wa pombe kali na vitu vingine. Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, Marekani, lilieleza mwaka 1806 kwamba kokteli ni pombe kali, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Tangu hapo mapishi yameongezeka kwa maelfu, lakini nyingi hurudi kwenye mizani ileile: kitu kikali, kitu kitamu, na kitu kichachu au kichungu, vyote vikipozwa kwa barafu.

Mlaji akijua mizani hiyo, menyu haitamtisha. Mojito, yenye asili ya Cuba, ni ramu, ndimu, sukari, majani ya mnanaa na maji ya soda. Margarita ya Mexico ni tekila, ndimu na likeri ya machungwa, pamoja na chumvi kwenye ukingo wa bilauri. Whisky Sour ni wiski, limau na sukari. Piña Colada ya Puerto Rico ni ramu, nanasi na tui la nazi lililotiwa sukari. Jini na toniki ndiyo rahisi kuliko zote, na uchungu wa toniki hutokana na kwinini, dawa iliyowahi kutumiwa dhidi ya malaria.

Kundi la pili ni kokteli zisizo na maji ya matunda, ambazo ni kali zaidi. Martini ni jini na mvinyo uliotiwa mitishamba. Negroni ya Italia ni jini, mvinyo wa aina hiyo na Campari kwa vipimo sawa. Vinywaji hivi hunywewa polepole, na aghalabu kabla ya chakula.

Kundi la tatu linahitaji onyo. Long Island Iced Tea hufanana na chai ya baridi na jina lake lina neno "chai", lakini huwa na aina tano za pombe: vodka, jini, ramu, tekila na likeri ya machungwa. Bilauri moja inaweza kuwa na kileo cha vinywaji viwili au vitatu vya kawaida. Utamu wa kokteli huficha ukali wake, na humo ndimo ilimo hatari yake kwa asiyeijua.

Kwa kawaida kokteli hutangulia chakula au hukifuata. Sukari yake nyingi hushibisha na kuufisha ulimi, hivyo huifunika ladha ya nyama au samaki.

Dawa mbili, jina moja

Kenya imetoa kokteli yake maarufu, nayo inaitwa Dawa. Ilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Ni vodka, vipande vya ndimu, sukari na barafu, pamoja na kijiti kilichochovywa katika asali nzito. Mnywaji hukorogea kijiti hicho na kuiponda ndimu, na kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyozidi. Ni jamaa wa caipirinha ya Brazil.

Lakini katika mikahawa mingi ya kahawa na chai nchini, "dawa" ni kinywaji cha moto cha tangawizi, limau na asali, kisicho na kileo hata kidogo, na hupendwa sana wakati wa baridi na mafua. Katika jiji lenye baridi kama Eldoret, jina hilo husikika mara nyingi kwa maana hii ya pili. Mkahawa wenye baa unaweza kuwa na dawa zote mbili. Mtu asiyekunywa kileo kwa sababu ya dini, ujauzito au matibabu asiridhike na kutaja jina tu. Aseme bayana kwamba anataka ile ya moto isiyo na pombe.

Kipimo cha kileo

Wengi huamini kwamba mvinyo ni kinywaji chepesi na bia ni nzito. Hesabu yaonyesha vingine. Bilauri ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina takriban gramu 15 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina takriban gramu 17. Kokteli yenye mililita 60 za pombe ya asilimia 40 ina takriban gramu 19. Kwa maneno mengine, kila kimoja ni karibu sawa na kingine, ingawa ukubwa wa vyombo hudanganya macho.

Chakula hupunguza kasi ya kileo kuingia katika damu, na ndiyo sababu kinywaji cha kwanza kisitangulie chakula kwa muda mrefu. Maji, bilauri moja kwa kila bilauri ya kileo, husaidia mwili kutokaukiwa. Kahawa haiondoi ulevi; humfanya mlevi awe macho tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya. Wajawazito wanashauriwa kutokunywa kabisa, na wanaotumia dawa za kisukari, kifua kikuu au baadhi ya dawa za kuua viini wamwulize daktari kwanza.

Bili

Chupa katika mkahawa huuzwa aghalabu mara mbili au tatu ya bei ya dukani. Tofauti hiyo hulipia huduma, vyombo, kodi na leseni. Ushuru wa thamani wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 huwa tayari zimejumuishwa katika bei ya menyu nyingi, lakini ni vyema kuuliza ikiwa ada ya huduma itaongezwa baadaye.

Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri 5. Kwa mfano, ikiwa bilauri ni Sh750 na chupa ni Sh3,000, watu watakaokunywa bilauri 4 au zaidi wananufaika kwa kuagiza chupa. Anayenunua kwa bilauri aulize chupa ilifunguliwa lini, maana mvinyo uliofunguliwa huanza kupoteza ladha baada ya siku chache hata ukiwa katika friji. Chupa isiyomalizika inaweza kufungwa na kuondoka na mwenyewe; hakuna aibu katika hilo. Baadhi ya mikahawa huruhusu mteja kuja na chupa yake na kumtoza ada ya kuifungua. Ni busara kupiga simu mapema.

Mwenyeji asiyetaka kutaja bei mbele ya wageni anaweza kumwonyesha mhudumu kwa kidole bei anayoiweza kwenye menyu na kusema, "Kitu cha namna hii." Mhudumu mzoefu ataelewa.

Usalama wa kinachonywewa

Kenya imewapoteza watu wengi kwa vileo vyenye methanoli, sumu isiyoweza kutambuliwa kwa ladha wala kwa harufu. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi. Mei 2014 makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 mkasa kama huo ulitokea Kirinyaga. Mikasa hiyo ilihusu zaidi pombe za bei ya chini, lakini chupa zenye majina makubwa nazo hughushiwa.

Ndiyo maana ni muhimu chupa ifunguliwe mbele ya mteja. Chupa halali huwa na stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), ambayo inaweza kukaguliwa kwa simu kupitia programu ya Soma Label. Kokteli ina ugumu wake, kwa kuwa mteja haoni chupa. Hapo anaweza kuagiza chapa ya pombe kwa jina na kukaa mahali anapoweza kuiona baa. Bei ya chini kupita kiasi ni ishara ya kutilia shaka.

Dalili za methanoli zinaweza kuchelewa hata saa 12 au 24: kuona ukungu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa shida. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja, na Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kumwacha alale ili "pombe iishe" kumewagharimu wengi macho na maisha.

Hatari nyingine ni ile inayojulikana mitaani kama "mchele", yaani kutiliwa dawa za usingizi katika kinywaji ili mtu aibiwe au adhulumiwe. Bilauri iliyoachwa bila mlinzi, hata kwa dakika moja, isinywewe tena.

Sheria

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyopewa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha John Mututho, iliweka saa za baa za kawaida kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Hoteli na mikahawa huwa na leseni za aina nyingine, na tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 utoaji wa leseni umekuwa jukumu la kaunti. Sheria hiyo iliweka umri wa chini wa kuuziwa kileo kuwa miaka 18. Sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza uwe miaka 21.

Kwa madereva, kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha maikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi. Safari kutoka katikati ya Eldoret hadi Kapsoya ni fupi, na ufupi huo ndio huwashawishi wengi kushika usukani. Nauli ya teksi ni ndogo kuliko faini, na ndogo zaidi kuliko jeneza.

Heshima kwa wasiokunywa

Meza ya Eldoret hukutanisha Waislamu, waumini wa makanisa yanayokataza kileo, wanariadha walio mazoezini na watu waliowahi kuwa watumwa wa pombe wakajikomboa. Kuwauliza sababu mbele ya wengine ni utovu wa adabu, na kuwashurutisha ni dhuluma. Mwenyeji mwema huhakikisha kwamba vinywaji visivyo na kileo vimetajwa kwanza: sharubati za pasheni na maembe, tangawizi, au kokteli zilizotengenezwa bila pombe. Mojito bila ramu hubaki na ndimu, mnanaa na barafu, na mtu wa meza ya pili hawezi kuitofautisha.

Anayekunywa naye akumbuke kwamba mvinyo uliletwa mezani ili uambatane na chakula na mazungumzo. Ukishaanza kuyafunika yote mawili, ni wakati wa kuomba maji na bili.